Kikao cha Freemason: ndani ya loji kunafanyika nini?

Mtu akiinua ghorofa haraka pale Cheyo, Tabora, hakosi wa kunong'ona: "Huyo kashaingia Freemason." Uliza huko ndani wanafanya nini, utaambiwa habari za damu na majoka. Kumbe sehemu kubwa ya kikao chao inachosha kama kikao cha kamati ya shule.

Freemason ni chama cha kindugu, na loji ni kundi la wanachama wake wanaokutana kwa ratiba. Loji nyingi za Afrika Mashariki zinafuata utaratibu wa Uingereza, ambako chama kikuu kinahesabu mwanzo wake mwaka 1717. Nje ya mlango husimama mlinzi mwenye upanga. Ndani, mkuu wa loji hukaa upande wa mashariki, wanachama wamevaa aproni, na kitabu kitakatifu kimefunguliwa, juu yake skwea na bikari, zana za waashi. Katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, yanafuata yatokanayo, hesabu na barua. Kubishania dini au siasa ni marufuku.

Mwombaji mpya lazima adhaminiwe na wanachama, kisha apigiwe kura ya siri kwa gololi: nyeupe kukubali, nyeusi kukataa. Kwa kanuni za Kiingereza nyeusi tatu zinamtoa, na loji inaweza kujiwekea idadi ndogo zaidi. Sasa yule anayekutumia ujumbe wa "jiunge upate utajiri, tuma hela ya fomu" gololi zake anazipigia wapi?

Akikubaliwa, ndipo inakuja ile sehemu yenye siri. Anafungwa kitambaa machoni, kamba shingoni, suruali imekunjwa mguu mmoja, na kabla ya kuingia anavuliwa pesa na kila chuma alicho nacho. Baada ya kula kiapo anaombwa mbele ya wote atoe chochote kwa ajili ya maskini. Hana hata senti. Anaambiwa aikumbuke hali hiyo siku atakapokutana na ndugu mwenye shida. Hiyo ni ngazi ya mwanafunzi. Mbele yake kuna ya fundi na ya fundi mkuu. Kwa Wanyamwezi hili si geni sana: Bayeye, wale wacheza na nyoka, nao walikuwa na taratibu zao za kumwingiza mtu na siri zao.

Sir Andy Chande, aliyewahi kuwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki na kufariki mwaka 2017, alikulia Bukene, Nzega. Mali ya kwao ilikuwa biashara na vinu, watu waliiona. Vinu vilitaifishwa mwaka 1967 kama vya wengine, naye akakabidhiwa kuendesha Shirika la Usagishaji la Taifa.

Kikao kikifungwa, aproni zinakunjwa na watu wanaelekea mezani. Chakula wanajilipia wenyewe, juu ya ada ya mwaka.