Usugu wa dawa za TB: anayebadilika ni bakteria, si mwili wako

Kwenye kliniki za kifua kikuu hapa Moshi bado tunawasikia ndugu wa mgonjwa wakisema, "Mwili wake umeshazoea dawa." Mwili hauzoei. Anayebadilika ni bakteria, na mabadiliko hayo hutokea kwenye vinasaba vyake.

Bakteria wa TB anapojigawa hunakili vinasaba vyake vyote, herufi kama milioni 4.4, na mara chache hukosea herufi moja. Makosa mengi hayamsaidii kitu. Lakini kosa likitokea kwenye jeni iitwayo rpoB, kimeng'enya kinachoshambuliwa na rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, hubadilika umbo, na dawa haikishiki tena. Isoniazidi, dawa nyingine kuu ya TB, ina kisa chake, na kwangu hiki ndicho cha ajabu zaidi: huingia ndani ya bakteria ikiwa bado haina makali, kisha kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, kitokanacho na jeni ya katG, ndicho huiamsha imuue. Jeni hiyo ikiharibika, dawa hubaki imelala na bakteria anaendelea kuzaana.

Takriban bakteria mmoja katika milioni 100 huwa sugu kwa rifampisini hata kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza, na pafu lililotoboka hubeba mamilioni kwa mamilioni. Ndiyo sababu tunaanza na dawa nne kwa pamoja: aliyeiponyoka moja anauawa na nyingine. Dozi zikirukwarukwa, wanakufa wale ambao dawa bado inawaweza; wale sugu wanabaki na nafasi yote.

Lakini tafadhali, tusimnyooshee mgonjwa kidole. Wapo wengi ambao hawajawahi kuruka dozi hata moja. Walivuta tu hewa yenye bakteria ambao tayari ni sugu, ndani ya chumba au daladala iliyofungwa madirisha.

Kipimo cha GeneXpert husoma rpoB kwenye makohozi na kutoa jibu ndani ya saa mbili hivi. Katriji iliyozoeleka, yaani kikasha kinachowekwa makohozi ndani ya mashine, haisomi katG, kwa hiyo usugu wa isoniazidi huhitaji kipimo kingine. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza kutibu TB sugu mwaka 2009, enzi za sindano za miezi mingi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hii.

Ukifika kituoni na kikohozi cha wiki mbili, na nyumbani yupo aliyewahi kutibiwa TB sugu, mwambie mhudumu siku hiyohiyo, ili makohozi yako yapimwe usugu mapema.