Usiku wa Idi Forodhani: maswali ya wazazi kabla ya kushuka na watoto

Jua likizama, Bustani ya Forodhani hapa Mji Mkongwe, Unguja, hugeuka jiko moja kubwa: meza za mishkaki na pweza, makarai ya bajia, mashine za miwa. Usiku wa Idi ndiyo usiseme, watu hupita bega kwa bega.

Twende saa ngapi?

Mara tu baada ya Magharibi. Wengi hungoja mpaka saa tatu usiku, ndipo wanapoona pamechangamka. Lakini mishkaki mingi hupangwa mezani mapema, mingine imeshachomwa nusu, ikimsubiri mteja. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya muda wa saa 2, kwani kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu huzaliana upesi. Usiku wa Unguja, hata kukiwa na upepo wa bahari, umo humo humo ndani. Ukifika mapema utakula chakula chenye umri mdogo, na pia utapata pa kukaa.

Si anakipasha moto mbele yangu? Tatizo liko wapi?

Moto unasaidia, ila haufuti kila kitu. Chakula kikipata nyuzi 70 mpaka katikati, vijidudu vingi hufa. Lakini vipo vinavyotoa sumu vikiwa hai, na sumu ile hubaki hata vyenyewe vikifa. Vimojawapo huishi puani na kwenye vidonda vya mikono yetu. Mtu hutapika ndani ya saa chache tu.

Samaki ana kisa chake. Jodari akikaa bila barafu, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yake histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na hiyo hata mkaa mwekundu hauiondoi. Mlaji huiva uso, huwashwa, kichwa hugonga na moyo huenda mbio, mara nyingi kabla saa moja haijatimia. Wapo wanaoapa kuwa wana aleji ya samaki na wameacha kumla miaka, kumbe siku ile samaki alikuwa ameharibika tu. Dalili hizo zikitokea, mwone daktari. Pumzi ikibana au midomo ikivimba, usingoje kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, kimbilia hospitali.

Kwa hiyo muulize mpishi: kuna mbichi kwenye barafu? Akuchomee hiyo, wewe ukiangalia. Anayekasirika kwa swali hilo, mpite.

Na urojo?

Rojo lenyewe likiwa linachemka halinipi wasiwasi. Wasiwasi wangu ni vinavyomwagwa juu yake: chatini ya nazi mbichi iliyoshinda kwenye bakuli wazi, kachumbari, na mkono uleule uliopokea noti. Ndimu ni ya ladha, usiitegemee kuua vijidudu. Kwa mtoto mdogo au mama mjamzito, omba urojo wa moto bila chatini. (Najua, si urojo kamili. Mtavumilia.)

Juisi ya miwa ina ubaya gani?

Muwa hauna kosa. Angalia barafu imetokana na maji gani, na gilasi zinasuuzwa wapi. Ndoo moja ya maji kwa wateja mia ni njia nzuri ya kusambaza kipindupindu. Agiza bila barafu, na beba vikombe vyenu. Mwenye kisukari aonje funda mbili za mwenziwe, yatosha.

Watoto wadogo tuwalindeje kwenye msongamano?

Andika namba yako ya simu mkononi mwa mtoto kwa kalamu, na mkubaliane mahali pa kukutana. Lango la Ngome Kongwe linaonekana na kila mtu. Toa nyama kwenye kijiti kabla ya kumpa, kijiti mdomoni huku anasukumwa ni hatari. Pweza ni mgumu kutafuna: aliye chini ya miaka 4 mkatie vipande vidogo sana, ale amekaa. Akiungua na mkaa au mafuta, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwa meno.

Mtoto ameanza kuharisha usiku. Nimpe nini?

Maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS, yakorogwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Huna? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi; vipimo vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. Wa chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Anayenyonya aendelee kunyonya. Usimpe dawa ya kufunga tumbo. Ulizia vidonge vya zinki kituo cha afya.

Choo kikiwa na damu au kama maji ya mchele, macho yakidumbukia, akiwa mlegevu au akikataa kunywa, mpeleke usiku huohuo, mkiendelea kumnywesha njiani.

Na msimlaumu muuza bajia kwa kuwa ndiye wa mwisho kumnunulia. Vijidudu vingine huchukua siku mbili tatu kujitokeza, kwa hiyo mwambie daktari pia mlichokula nyumbani mkesha wa Idi.