Wanawake, Amani na Usalama: Azimio 1325 linadai nini hasa

"Wanawake, Amani na Usalama" ni jina la ajenda iliyozaliwa na Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Azimio hilo lilipitishwa kwa kauli moja tarehe 31 Oktoba 2000, Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza mwezi huo. Linadai kwamba wanawake wawe miongoni mwa wanaoamua mambo ya vita na amani, na kwamba walindwe dhidi ya madhila ambayo vita huwafikishia wao hasa, ubakaji ukiwa wa kwanza.

Kwa kawaida ajenda hii huelezwa kwa nguzo nne: ushiriki, ulinzi, kinga (yaani kuzuia vita na ukatili visitokee), na misaada pamoja na ujenzi mpya. Mgawanyo huo unafaa kwa kuandikia ripoti. Uwanjani, ushiriki na ulinzi hubebana. Mwanamke anayehofia kushambuliwa njiani hafiki mkutanoni, na mkataba ulioandikwa bila wanawake aghalabu hunyamazia ubakaji, au huufukia ndani ya msamaha wa jumla kwa wapiganaji.

Tuanze na ushiriki, kwa sababu ndipo udanganyifu ulipo mwingi. Picha ya ukumbi yenye wanawake kumi haithibitishi chochote. Cha kuuliza ni nani ana kiti, nani anaruhusiwa kuzungumza, nani yumo katika kamati zinazoandika vifungu, na nani atatia saini. Mwangalizi husikiliza tu. Mwakilishi wa asasi aliyeitwa kwenye kikao cha ushauri hutoa maoni, kisha wenye meza huamua wayachukue au wayaache. Takwimu za Umoja wa Mataifa kuhusu mazungumzo makubwa ya amani kati ya 1992 na 2019 zinaonyesha kuwa wanawake walikuwa asilimia 13 ya wajumbe, na asilimia 6 tu ya wasuluhishi, hali kadhalika ya waliotia saini.

Mfano mzuri uko karibu nasi: mazungumzo ya Burundi yaliyofanyika Arusha kuanzia 1998, chini ya Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, Nelson Mandela. Pande zilizojadiliana zilikuwa 19. Wanawake wa Burundi walipoomba nafasi, walijibiwa kwamba wao si upande katika vita. (Jibu hilo halijazeeka. Ukilifuata, wenye bunduki peke yao ndio wenye haki ya kupanga maisha ya wasiokuwa nayo.) Baadaye wachache walikubaliwa kuwa waangalizi. Hatua kubwa ilikuja Julai 2000, ulipoitishwa mkutano wa wanawake hapo hapo Arusha, kila upande ukitoa wanawake wawili. Utaratibu huo ulikuwa na akili: mapendekezo hayakuweza kupuuzwa kama kelele za watu wa nje, kwa kuwa kila chama kilikuwa na watu wake ndani. Yalikabidhiwa kwa Mandela, na mengi yakaingia katika mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Dai la asilimia 30 ya nafasi za uongozi, hata hivyo, liliachwa nje. Lilikuja kutimia katika katiba ya 2005, iliyoweka kiwango hicho kuwa cha chini kabisa serikalini na katika Bunge. Mkataba wa amani huwa na mlango wa pili, yaani katiba na sheria zinazoufuata, na kikundi kinachovunja kambi siku ya saini hukosa mlango huo.

Kwa nini wanawake huchelewa kufika mezani hata pale wanapokubaliwa? Mara nyingi mwaliko huja ajenda ikiwa imekwisha kufungwa. Ujumbe huchaguliwa na makamanda, nao huchagua makamanda wenzao. Halafu kuna nauli, malazi na mtu wa kulea mtoto mchanga, gharama ambazo waandaaji husahau kuzipangia fedha. Nchini Kenya mwaka 2008, katika mazungumzo ya kumaliza machafuko ya baada ya uchaguzi, kila upande ulikuwa na wajumbe wanne, na kati yao mwanamke mmoja: Martha Karua upande wa serikali, Sally Kosgei upande wa ODM, chama cha upinzani. Naye Graça Machel alikuwa katika jopo la wasuluhishi watatu lililoongozwa na Kofi Annan.

Upande wa ulinzi, Baraza liliongeza meno polepole. Azimio 1820 la 2008 lilitambua kuwa ubakaji hutumika kama mbinu ya vita. Azimio 1888 la 2009 lilianzisha ofisi ya mwakilishi maalumu wa suala hilo, na Azimio 1960 la 2010 likaweka utaratibu wa kuyataja makundi yanayoshukiwa.

Lakini ulinzi wa kila siku ni kuni, maji na vyoo. Mwanamke wa kambini hushambuliwa zaidi anapotoka kutafuta kuni au anapokwenda chooni usiku. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka maji yasiwe mbali zaidi ya mita 500 na makazi, vyoo vifungike kwa ndani, na vile vya pamoja vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume. Kwa aliyebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba zitumike ndani ya saa 120. Saa hizo hupotea barabara ikifungwa, dawa zikiisha, au mhudumu akidai karatasi ya polisi kwanza.

Haki nayo inawezekana ikimfuata mwathirika alipo. Kule Fizi, mashariki mwa Kongo, wanajeshi walibaka wanawake tarehe 1 Januari 2011. Mahakama ya kijeshi inayohama ilikaa katika mji wa Baraka, na mwezi uliofuata ikamhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Walinda amani wenyewe hawajasalimika na lawama. Azimio 2272 la 2016 linaruhusu kikosi kizima kirudishwe kwao pale ushahidi unapoonyesha unyanyasaji wa kingono ulioenea. Umoja wa Mataifa unataka wanawake wafikie asilimia 15 ya vikosi vya kijeshi ifikapo 2028. Mwaka 2020 walikuwa chini ya asilimia 5.

Azimio 1325 halikupitishwa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ile inayoruhusu Baraza kulazimisha nchi, kwa hiyo nchi inayolipuuza haiwekewi vikwazo kwa sababu hiyo. Utekelezaji hutegemea mipango kazi ya kitaifa. Uganda ilitoa wake 2008. Wa kwanza wa Kenya, wa 2016, uliitwa "Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani". Ukitaka kujua kama mpango ni wa kweli, ruka dibaji na utafute kasma yake, yaani fungu lake la fedha, kwenye bajeti. Kisha angalia kama wizara za ulinzi, mambo ya ndani na fedha zimepewa kazi zenye tarehe, au kama kila kitu kimeachiwa wizara ya jinsia.