Mwanasheria wa wizara si wakili wako: kazi ya kuishauri Serikali na namna ya kuingia humo

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ianze kuzunguka mikoani mwaka 2023, wananchi wamezoea kuwaona mawakili wa Serikali wakisikiliza migogoro ya ardhi, mirathi na ndoa. Ni jambo jema, ila limeleta mkanganyiko. Watu wanafika kwenye vitengo vya huduma za sheria vya wizara na majalada ya kesi zao, na wahitimu wanaomba kazi huko wakitarajia kuvaa joho na kusimama mahakamani.

Mwanasheria wa wizara ana mteja mmoja tu, nayo ni Serikali. Anayetaka kuandikiwa hati ya madai amwone wakili binafsi, au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kumng'ang'ania afisa sheria wa wizara hakuharakishi chochote. Akikusaidia kuishtaki Serikali anayoishauri, atakuwa na mgongano wa maslahi na wewe utakuwa umepoteza muda wako.

Mgawanyo wa majukumu uliofanyika mwaka 2018 unapaswa kueleweka vizuri. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ilibaki na ushauri, uandishi wa sheria na mikataba. Mashauri ya madai yakaenda Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na jinai ikaenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kwa hiyo mwenye kusudio la kuishtaki Serikali anatoa notisi ya siku zisizopungua 90 kwa wizara, idara au ofisa anayehusika, akieleza msingi wa dai lake, na nakala anazipeleka kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha ndipo shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukisahau nakala moja, au ukafungua shauri siku ya 80, tegemea pingamizi la awali (hoja kwamba shauri halikufuata utaratibu) kabla hoja yako haijasikilizwa. Haya yanaandikwa kila mwaka na bado barua zinakuja zimeelekezwa kwa "Mheshimiwa Mwanasheria" bila anwani.

Turudi kwenye ushauri. Ibara ya 59 ya Katiba inamfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria, na Ibara ya 54 inampa haki zote za mjumbe katika mikutano ya Baraza la Mawaziri isipokuwa kupiga kura. Wanasheria wote walio chini yake wanafanya kazi kwa mtindo huohuo: unasema, unaandika, unaonya, kisha mwenye dhamana anaamua. Asiyeweza kuona ushauri wake ukiwekwa kando na kesho yake akaendelea na kazi kwa nia njema, afikirie fani nyingine.

Sehemu kubwa ya kazi hutangulia uandishi wa sheria yenyewe. Idara inakuja na ombi moja, "tunataka sheria mpya", na mwanasheria anauliza tatizo ni lipi hasa. Si ajabu kukuta sheria ipo na kilichokosekana ni kanuni. Au kanuni zipo, hakuna mkaguzi wa kuzisimamia, na hilo ni suala la bajeti na ikama, yaani idadi ya watumishi. Kanuni hutungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria mama, hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kuwasilishwa Bungeni, hivyo hazipiti kwenye kusomwa mara tatu kama muswada. Lakini waziri hawezi kuweka kwenye kanuni jambo ambalo sheria mama haikumruhusu. Likifika mahakamani litabatilishwa.

Ikithibitika kwamba sheria inahitajika, wizara huandaa Waraka wa Baraza la Mawaziri. Waraka hupita kwenye Kamati ya Makatibu Wakuu ndipo ufike kwenye Baraza. Sera ikikubaliwa, wizara hutoa maelekezo ya uandishi kwa Waandishi wa Sheria walio Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Maelekezo mabaya ndiyo chanzo cha sheria nyingi mbovu. Kuna wizara zinazotuma sheria ya nchi nyingine iliyobadilishwa jina la nchi tu, ikiwa na vyombo na mahakama ambazo sisi hatuna. Maelekezo yanayofaa yanataja tatizo, nani atatekeleza, nani ataathirika, sheria zipi zilizopo zinaguswa, gharama zitatoka wapi, na yaliyokuwepo yatahamiaje kwenye utaratibu mpya.

Hilo la mwisho, yaani masharti ya mpito, husahaulika kuliko yote. Chukua sheria inayofuta bodi ya leseni na kuunda mamlaka mpya. Siku inapoanza kutumika, leseni za zamani zinakuwa na hadhi gani? Rufaa zilizokuwa mbele ya bodi zinakwenda wapi? Watumishi, madeni na mikataba ya bodi ni vya nani? Sheria ikinyamaza, kesho yake kila mfanyabiashara wa sekta ile anaweza kuambiwa hana leseni halali, na ofisa wa kumpa nyingine hajateuliwa.

Yapo mengine ya kukagua. Kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria (Ibara ya 138), kwa hiyo "tozo ndogo" iliyochomekwa kwenye mwongozo wa wizara haina miguu. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda (Ibara ya 13). Lazima uamue kama sheria itatumika Tanzania Bara peke yake au pia Zanzibar, maana kwa Ibara ya 64 sheria ya Bunge haiendi Zanzibar kwa kudhaniwa tu. Na tangu Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu (zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake) lilipoanza kutumika Julai 1, 2025, baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Anayenakili namba kutoka kwenye kitabu cha zamani anaweza kurekebisha kifungu kisichohusika kabisa.

Kuhusu malalamiko kwamba sheria "zimepitishwa kimyakimya": muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye Kamati ya Bunge inayopokea maoni ya wadau, ndipo unasomwa mara ya pili, unapita Kamati ya Bunge Zima na kusomwa mara ya tatu. Baada ya hapo unakwenda kwa Rais kwa kibali. Ni kweli kwamba muswada wa hati ya dharura hubana muda, na hapo mlalamikaji ana hoja. Kwa iliyobaki, ni kutosoma. Maoni yanayosaidia yanataja ibara ya muswada, yanasema kasoro yake na kupendekeza maneno mbadala. Kurasa tano za "tunapinga muswada wote" haziwezi kuingizwa kwenye jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ya muswada.

Kwa wanaotaka kazi hii: shahada ya sheria ni mwanzo. Kwa nafasi ya Wakili wa Serikali, tarajia kuulizwa mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, yanayotolewa na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Soma tangazo lenyewe, kwa sababu sifa za Afisa Sheria na za Wakili wa Serikali hazilingani. Usaili huwa na mchujo wa kuandika na kisha mahojiano; jifunze kuandika maoni ya kisheria ya kurasa mbili yenye swali, ukweli wa jambo, sheria, njia zilizopo na hatari ya kila njia, na pendekezo moja. Wahitimu wengi wanaishia kwenye sheria na kuacha pendekezo.

Ukiajiriwa, hufanyi uwakili wa kujitegemea pembeni. Nyaraka za Baraza ni siri, na kumpa asiyehusika taarifa iliyowekewa daraja la usiri ni kosa chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa, adhabu yake ikiwa kifungo cha hadi miaka 20. Hata kumtumia rafiki picha ya ukurasa mmoja kwa simu kunahesabika.

Maombi hupokelewa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Pakia vyeti halisi, si hati za matokeo, na barua iliyosainiwa. Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, ambatisha hati ya kubadili jina au kiapo. Kughushi cheti ni jinai, na anayekitumia anaadhibiwa sawa na aliyekighushi: kifungo cha hadi miaka 7. Bahasha zinazoletwa kwa mkono wizarani hazifanyiwi kazi, hata zikiletwa na mjomba mwenye cheo.