Kansas: Si kila aliyepinga utumwa alimtetea Mtu Mweusi

Mapigano ya Kansas, eneo la Marekani lililokuwa bado halijawa jimbo, yaliyotangulia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya nchi hiyo, husimuliwa kana kwamba yaliwakutanisha wenye watumwa na watetezi wa Watu Weusi. Sivyo hasa. Sheria ya Kansas-Nebraska ya 1854 iliwaachia walowezi waamue suala la utumwa kwa kura, na Machi 1855 maelfu ya watu wa Missouri, jimbo jirani lenye utumwa, wengi wakiwa na silaha, walivuka mpaka kupiga kura isiyo yao ya kuchagua bunge la Kansas, hata kura zikapita 6,000 ilhali wenye haki ya kupiga hawakufika 3,000. Wapinzani wao waliandika katiba mjini Topeka iliyokataza utumwa. Lakini Desemba mwaka huohuo, kwa kura 1,287 dhidi ya 453, waliidhinisha pia kuwazuia Weusi wote, hata walio huru, wasiishi Kansas. Wengi walichotaka ni ardhi isiyo na ushindani wa kazi ya watumwa. John Brown, mpinga utumwa ambaye kundi lake liliwatoa wanaume 5 wa upande wa utumwa majumbani mwao usiku wa Mei 1856, karibu na kijito cha Pottawatomie, na kuwaua, wengine kwa mapanga, aliamini usawa kwa dhati, ila hakuwakilisha walio wengi. Kansas ilipokuwa jimbo lisiloruhusu utumwa Januari 1861, katazo la makazi halikuwamo katika katiba yake mpya, lakini kura ilibaki ya wanaume Weupe.