Msimbo wa QR wa bure hauishi muda wake

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: msimbo wa QR uliotengenezwa bure hufa baada ya siku kadhaa usipoulipia. Si kweli. Vile vijiraba vyeusi na vyeupe ndivyo anwani ya tovuti yenyewe. Hakuna saa ndani yake.

Kinachochanganya watu ni tovuti zinazoweka kiungo chao kifupi badala ya chako. Anayeskani hupitia kwao kwanza, huhesabiwa, ndipo aletwe kwako. Muda wa majaribio ya bure ukiisha wanafunga njia, na mabango umeshayachapisha.

Kukagua ni rahisi: skani, usome anwani inayotokea kabla ya kuifungua. Ukikuta tovuti usiyoijua, tengeneza msimbo mwingine, hata bila intaneti: kwenye LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia kwenye kompyuta, fungua menyu ya Insert, OLE Object, kisha QR and Barcode, ubandike anwani yako.

Acha ukingo mweupe wa vijiraba 4 kila upande. Maandishi yakiubana, kamera huhangaika, na mtu husema “umeexpaya” wakati umebanwa tu.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze; mwambie aliyeutuma askani kwanza asome anwani.