Jina la babu kukosekana mtandaoni si ushahidi kwamba hakuandikwa

Wengi wanaotafuta historia ya ukoo wao mtandaoni huandika jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia, wakaona hakuna matokeo, wakahitimisha kwamba hana kumbukumbu yoyote. Si kweli, na inaniuma kuona mtu akiishia hapo.

Kisanduku hicho hakisomi nyaraka zenyewe. Kinasoma faharasa, yaani orodha ya majina yaliyonakiliwa na watu au kompyuta kutoka kwenye mwandiko wa zamani. Herufi moja ikisomwa vibaya, babu anapotea ingawa ukurasa wake upo. Jaribu tahajia nyingine. Acha jina la ukoo, utafute kwa jina la kwanza, mwaka na mahali. Au mtafute dada yake, ambaye huenda jina lake lilinakiliwa sawasawa. Tena FamilySearch, tovuti ya kutafuta historia ya koo ambayo ni ya bure, ina picha nyingi za nyaraka ambazo bado hazijaingia kwenye faharasa. Hizo unazipekua ukurasa kwa ukurasa, kama kitabu. Ni kazi ya subira, lakini kwa maoni yangu hazina kubwa imelala humo.

Nyaraka nyingine zinasubiri muda wa kisheria: sensa ya Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, ndiyo maana ile ya 1950 ilitoka 2022. Zipo zilizoteketea kweli, kama sensa ya 1931 ya England na Wales, iliyoungua 1942. Hata hapo, vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi huenda vimesalia kabatini, havijawahi kupigwa picha.